Blyth Spartans Walifungwa Mezani, Si Kwenye Kona

Kibendera cha kona hakina kazi kubwa. Kisimame wima, kisipungue urefu wa mita 1.5, basi. Tarehe 18 Februari 1978, kwenye uwanja wa Racecourse mjini Wrexham, ardhi ilikuwa imeganda kwa baridi na kibendera kimoja kiligoma kusimama. Blyth Spartans, timu ya watu wenye ajira zao kutoka mji wa bandari kaskazini-mashariki mwa England, walikuwa mbele 1-0 kwa bao la Terry Johnson, na mechi ilikuwa inakata roho. Wenyeji wakapata kona. Ikapigwa, Spartans wakaondosha hatari. Refa Alf Grey akapuliza filimbi: irudiwe, kibendera kimelala. Ikarudiwa. Dixie McNeil akasawazisha, 1-1, na muda ukaisha.

Ilikuwa raundi ya tano ya Kombe la FA, kombe la chama cha soka cha England. Timu zilizobaki ni 16, na mshindi wa mechi hiyo angekutana na Arsenal katika robo fainali, nyumbani kwake. Arsenal waende Blyth! Hata leo, ukikutana na mzee wa mji ule, nasikia hachelewi kufika kwenye kile kibendera.

Kila anayeisimulia klabu hii huanzia hapo, na mimi nimefanya hivyohivyo, maana kisa kitamu hakiachwi. Lakini nadhani kibendera kile kimetwishwa lawama zisizo zake kwa karibu miaka 50. Ukiipitia historia ya Spartans tangu mwanzo, utaona kwamba mambo makubwa yaliyowazuia hayakutokea uwanjani. Yaliamuliwa na watu waliokaa kwenye viti, wakanyoosha mikono, wakaenda kunywa chai. Sisi tuna msemo wetu wa soka, ushindi wa mezani, kwa timu inayopewa pointi bila kucheza. Hawa ni kinyume chake: walifungwa mezani.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu daraja lenyewe. Waingereza wakisema klabu fulani ipo nje ya ligi hawamaanishi kwamba haina ligi ya kucheza. Wanamaanisha ipo nje ya zile klabu 92: 20 za Ligi Kuu na 72 za madaraja matatu yanayofuata, ambayo ni mwendelezo wa ligi iliyoanzishwa mwaka 1888. Chini ya hapo kuna ligi juu ya ligi, zenye viwanja, makocha, viingilio na magazeti ya kuziandika. Usizifananishe na mchangani. Ila mstari wa chini ya klabu ya 92 ni mstari kweli, na kwa muda mrefu ulikuwa ukuta.

Klabu ilizaliwa mwaka 1899. Katibu wake wa kwanza, Fred Stoker, ndiye aliyependekeza jina la Spartans, akiwafikiria wale askari wa Ugiriki ya kale na akitumaini vijana wake wangepigana vivyo hivyo. Mji wenyewe upo kilomita 20 hivi kutoka Newcastle, kwenye mdomo wa mto Blyth, na uliishi kwa makaa ya mawe: kuyachimba na kuyapakia melini. Miaka ya mwanzo ya 1960, wakati bandari imechangamka kuliko wakati wowote, zaidi ya tani milioni 6 zilipita hapo kwa mwaka. Mtu aliyeshinda chini ya ardhi wiki nzima, Jumamosi alitaka kusimama juani, kama lipo, apige kelele. Ndio Croft Park, uwanja wa Spartans, ilivyojaa.

Uamuzi wa kwanza wa mezani ninaotaka kuutaja haukuwagusa hata wanaume wa timu hii. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wasichana walioajiriwa kuhudumia shehena za risasi na mabomu bandarini Blyth walianza kupiga mpira ufukweni, wakifundishwa na mabaharia wa jeshi. Wakaunda timu, wakaipa jina lilelile la Spartans. Mshambuliaji wao wa kati, Bella Reay, binti wa mchimba makaa, anatajwa kufunga mabao 133 katika msimu mmoja. Mabao 133. Nimeisoma tarakimu hiyo mara tatu nikidhani mchapaji amekosea.

Mwaka 1918 walifika fainali ya kombe la wanawake wa viwanda vya silaha dhidi ya Bolckow Vaughan, timu ya kiwanda cha chuma cha Middlesbrough. Mechi ya kwanza, kwenye uwanja wa St James' Park wa Newcastle, iliisha suluhu. Ya marudiano ilichezwa Mei huko Middlesbrough mbele ya watu 22,000, Blyth wakashinda 5-0, na Bella akapiga matatu peke yake. Vita vilipokwisha wanaume walirudi, wasichana wakaondolewa kazini, na timu ikafa mwaka 1919. Bado kulikuwa na timu nyingine za wanawake zikijaza viwanja. Basi tarehe 5 Desemba 1921 chama cha soka kikakaa, kikaamua kuwa mchezo huu hauwafai wanawake, kikazizuia klabu zake zote kuwapa viwanja. Marufuku hiyo ilidumu nusu karne. Siwezi kusema Spartans wa kike wangerudi. Nasema tu kwamba baada ya siku ile hata nia haikuwa na mahali pa kuchezea.

Turudi kwa wanaume na ule ukuta.

Hadi mwaka 1986, kuingia katika zile klabu 92 hakukutegemea kuwa bingwa wa chochote. Klabu nne za mkiani mwa daraja la chini kabisa ziliomba upya uanachama, klabu za nje zikapeleka maombi yao, halafu wenye ligi wakapiga kura. Yaani jirani zako ndio waamue kama ufukuzwe uletwe mgeni. Kwa kawaida jirani alimlinda jirani, maana mwakani zamu ingekuwa yake. Mara chache walipomtoa mtu, eneo la Blyth lilijua uchungu wake. Durham City walipigiwa kura ya kutoka mwaka 1928. Mwaka uliofuata wakatoka Ashington, majirani kabisa wa Blyth, mji wa makaa ambao baadaye ungewatoa ndugu wawili, Jack na Bobby Charlton, mabingwa wa dunia wa 1966. Mwaka 1960 ikawa zamu ya Gateshead, na hawakuwa hata wa mwisho kwenye msimamo! Nafasi yao wakapewa Peterborough. Wahesabu watakuambia kila kura ilikuwa na sababu zake: mapato ya mlangoni, umbali wa safari, na kadhalika. Sawa. Ila tazama ramani, uone miji gani ilifutwa.

Hapa msomaji wa Tanzania anaweza kukumbuka Tukuyu Stars. Timu ya mji mdogo chini ya mlima Rungwe, ikapanda daraja, na mwaka 1986 ikawa bingwa wa nchi katika msimu wake wa kwanza huko juu. Mwaka huohuo ndio wenye ligi ya England walikubali, hatimaye, kwamba kuanzia 1987 bingwa wa ngazi ya juu ya klabu za nje apande moja kwa moja. Waliotupa sheria za mchezo walituachia sisi kugundua kwamba anayeshinda anapaswa kupanda.

Kwa hiyo Spartans walipoanza kuwatisha wakubwa, hakukuwa na ngazi. Kuanzia 1964 walikuwa kwenye Northern League, ligi ya ridhaa, ambapo kwa mujibu wa karatasi mchezaji halipwi. Kwa mujibu wa kiatu ni habari nyingine. Noti zilizokunjwa ndani ya kiatu baada ya mechi zilikuwa siri ya kila mtu, hadi mwaka 1974 chama cha soka kilipochoka na unafiki huo na kuufuta ubaguzi wa ridhaa na kulipwa. Katika miaka hiyo Kombe la FA ndilo lililokuwa dirisha pekee la kuuona ulimwengu. Msimu wa 1971/72 waliwatoa Crewe na Stockport, wakatoka sare 2-2 na Reading nyumbani katika raundi ya tatu, kisha wakachapwa 6-1 katika marudiano. Kipigo cha aina hiyo huwa kinamaliza hadithi. Hawa kiliwaanzisha.

Kocha wa kikosi cha 1978, Brian Slane, alikuwa mwalimu wa shule. Pembeni yake alikuwepo Jackie Marks, mtu wa mazoezi na maneno, aliyewanywesha wachezaji dawa yake ya siri kabla ya mechi, akiiita mafuta ya kasi. Kilichokuwa ndani ya chupa ile sitakisemea, na nadhani waganga wetu wa timu wangemwelewa bila mkalimani. Beki wa kushoto, Ron Guthrie, alikuwa na medali ya ubingwa wa kombe hilohilo aliyoipata na Sunderland mwaka 1973, akamalizia soka yake hapa. Mbele alisimama Alan Shoulder, mfupi, mchimba makaa, mwenye kuruka kuliko urefu wake.

Raundi ya nne waliwafuata Stoke City kwao. Mvua na matope viliahirisha mechi, hata ikachezwa usiku wa tarehe 6 Februari, wakati droo ya raundi inayofuata imeshajulikana: mshindi angekwenda kwa Newcastle au kwa Wrexham, ambao nao walikuwa wakirudiana usiku huohuo. Johnson akafunga mapema. Stoke, wakiwa na kijana aitwaye Garth Crooks, wakageuza kuwa 2-1. Steve Carney akasawazisha. Dakika mbili kabla ya tisini Johnson tena, 3-2. Huku nyuma Newcastle walikuwa wanapigwa 4-1 na Wrexham. Hebu fikiria mashabiki kwenye basi la kurudi Blyth: timu ndogo ya kwao imepita, timu kubwa ya kwao imetoka, na ile ndoto ya kwenda kucheza na wakubwa wao mjini imeyeyuka ndani ya usiku mmoja. Newcastle hao msimu ule walishuka daraja.

Kisha ndiyo Wrexham, na kibendera, na marudiano.

Croft Park isingetosha, kwa hiyo marudiano ya tarehe 27 Februari yalipelekwa St James' Park. Waliolipa na kuingia ni 42,167, na maelfu zaidi walikuta mageti yamefungwa. Mji wenyewe wa Blyth leo una watu pungufu ya 40,000, kwa hiyo siku ile mkoa mzima ulihamia upande wa timu ya mistari ya kijani na nyeupe. Wrexham wakapata penalti, wakaongeza la pili, Johnson akarudisha moja kipindi cha pili, na jitihada zikaishia hapo, 2-1. Arsenal walikwenda Wrexham badala ya Blyth, wakashinda 3-2, wakafika hadi fainali.

Sasa swali langu. Tuseme kibendera kingesimama. Spartans wangewapokea Arsenal, pengine wangefungwa manne, wangeingiza hela za kutosha kujenga jukwaa. Na Agosti wangeanza msimu palepale walipokuwa, Northern League. Kwa sababu mlango haukuwepo. Juni ya mwaka huohuo wa 1978 wenye ligi walipiga kura wakawaingiza Wigan Athletic na kuwatoa Southport. Mwaka uliotangulia waliwaingiza Wimbledon. Wimbledon hao, klabu ya nje ya ligi hadi 1977, walifika daraja la kwanza mwaka 1986 na mwaka 1988 wakawafunga Liverpool fainali ya Kombe la FA. Sisemi Blyth wangefika huko. Nasema tu kwamba tofauti ya Wimbledon na Blyth mwaka 1977 haikuwa kubwa kiasi hicho uwanjani.

Na hapa ndipo kisa kinapouma zaidi, maana meza iliyofuata ilikuwa ya nyumbani. Mwaka 1979 klabu kubwa za nje ziliunda ligi moja ya taifa, mwanzo wa ngazi inayoeleweka. Northern League ilialikwa kujiunga na mfumo huo, ikakataa. Ikaalikwa tena miaka michache baadaye, ikakataa tena. Ligi ile ilianzishwa 1889, ni ya pili kwa ukongwe duniani kati ya zilizo hai, na wazee wake hawakuona sababu ya kuwa chini ya ligi iliyozaliwa jana. Fahari hiyo naielewa. Nimewaona wazee wa klabu wakikataa mambo kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Lakini angalia nani aliilipia. Spartans walichukua ubingwa wa Northern League miaka mitano mfululizo, kuanzia 1980 hadi 1984, kisha mara mbili tena, 1987 na 1988. Kombe saba katika miaka tisa, na baada ya kila moja walirudi mahali palepale kucheza na walewale. Kizazi bora kabisa cha klabu kilizeeka kikiwa bingwa wa chumba kisicho na ngazi. Wenye uwezo wa kutoka walitoka peke yao: Shoulder alinunuliwa na Newcastle Desemba 1978, Carney akamfuata mwaka uliofuata.

Northern League ilijiunga na mfumo mwaka 1991. Spartans walihama mwaka 1994, wakapanda mara moja, na mwaka 2006 wakafika daraja la sita. Kwa hiyo wapo wanaosema: mlango ulifunguka, mbona hawakupita? Hoja hiyo ina uzito na sitaikwepa. Jibu langu ni kwamba ulifunguka wakati mji wenyewe umebadilika. Mgodi wa Bates ulifungwa mwaka 1986, na yale makaa yaliyolipa mishahara, viingilio na nauli yakabaki kwenye picha. Isitoshe upenyo wenyewe ni mwembamba. Hadi 2003 ilipanda klabu moja tu kwa mwaka kuingia zile 92, na tangu hapo mbili, na sasa zinazopita ama zina miji mikubwa iliyoanguka vibaya au tajiri wa kuzibeba. Forest Green Rovers, kutoka kimji cha Nailsworth kilicho kidogo mno kuliko Blyth, walipita mwaka 2017, wakiwa na mwenye kampuni ya umeme nyuma yao. Blyth hawakupata mtu wa hivyo.

Walichobaki nacho ni kombe. Januari 2009 Blackburn Rovers wa Ligi Kuu walilazimika kuja Croft Park kwa raundi ya tatu, wakashinda 1-0 tu, kwa mpira wa adhabu. Januari 2015 Birmingham City walikuja wakaenda mapumziko wako nyuma 2-0, yote ya Robbie Dale, ambaye aliichezea klabu hii mamia ya mechi. Birmingham wakarudisha matatu katika dakika chache za kipindi cha pili. Nilipomsikia mtangazaji akitaja kile kibendera cha 1978 hata siku hiyo, nilicheka. Dale amefunga mawili dhidi ya timu iliyokuwa madaraja matano juu yake, bado anakumbushwa bendera iliyolala kabla hajazaliwa.

Mwaka 2024 mambo matatu yalitokea karibu kwa pamoja. Januari, Maidstone United wa daraja la sita, ngazi ileile waliyokuwepo Spartans, waliwatoa Ipswich na kuwa miongoni mwa timu 16 za mwisho za Kombe la FA, jambo ambalo klabu za nje zilizolifanya tangu Vita Kuu ya Pili zinahesabika kwa vidole. Mwisho wa msimu huohuo Spartans walishuka kutoka daraja hilo. Na Aprili, baada ya mazungumzo kati ya chama cha soka na Ligi Kuu, ilitangazwa kwamba mechi za marudiano zinafutwa kuanzia raundi ya kwanza ya mashindano yenyewe. Zikitoka sare, muda wa nyongeza, kisha matuta, siku hiyohiyo. Sababu iliyotolewa ni ratiba za wakubwa kujaa.

Mtu atasema sheria hiyo ingekuwepo 1978 pengine Spartans wangeshinda kwa matuta palepale Wrexham. Inawezekana. Lakini yale mageti ya St James' Park yasingefunguliwa Jumatatu ile, na watu 42,167 wangebaki majumbani mwao wakisubiri matokeo redioni.